Kemia ya sekondari ya juu: niliyotamani kuambiwa mapema

Nilichagua kemia kwa kuipenda. Madarasa ya chini nilikuwa nafanya vizuri, na sikuona sababu ya kuiogopa nilipopanda sekondari ya juu. Wiki za mwanzo zilinivunja nguvu. Tulizoea kemia ya kutaja: taja sifa za asidi, taja matumizi ya kaboni dioksidi, chora chombo cha kutengenezea oksijeni. Hii mpya ilikuwa inauliza kwa nini, tena inataka jibu lenye namba na kizio chake. Karatasi za mtihani wa kwanza ziliporudishwa darasa zima lilinyamaza, na muhula haujaisha wenzetu kadhaa walikuwa wamehamia masomo mengine. Baadhi yao walikuwa na uwezo kunizidi.

Hao ndio wanaonifanya niandike. Waliondoka wakiamini hawana kichwa cha kemia, ilhali walichokosa ni mtu wa kuwaambia somo linataka nini. Linataka hivi: kila unapokutana na mlinganyo, fomula au grafu, uweze kueleza chembe zinafanya nini. Atomi zipi zinaachana, zipi zinashikana, elektroni zinatoka wapi kwenda wapi. Ukiweza kulieleza hilo kwa maneno yako mwenyewe, hesabu hazitakusumbua sana. Usipoweza, utabaki kukariri, na mambo ya kukariri katika miaka hiyo ni mengi kiasi kwamba hakuna kichwa kinachoyamudu yote.

Mada ya kwanza iliyotuchuja ilikuwa moli. Atomi ni ndogo mno kuhesabika, lakini mizani tunayo, na moli ndiyo inayotuwezesha kupima gramu tukajua tumeshika chembe ngapi. Moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.02 × 10²³. Namba hiyo inaitwa ya Avogadro, kwa heshima ya mwanasayansi wa Italia aliyependekeza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika jotoridi na kanieneo ile ile, zina idadi sawa ya molekuli. Tangu mwaka 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, na moli inafafanuliwa kwa namba hiyo, haitegemei tena uzito wa kaboni kama vitabu vya zamani vinavyosema. Ukikuta kitabu chako kinatoa maelezo ya kale, usishtuke. Hesabu zako hazibadiliki.

Kinachoangusha watu hapo ni haraka. Mwanafunzi anaona gramu kwenye swali, anakimbilia kugawanya kabla hajautazama mlinganyo. Chukua gramu 6.54 za zinki uzitumbukize kwenye sentimita za ujazo 100 za asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 1.0 kwa lita. Mlinganyo ni Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂. Ukipiga hesabu, zinki ni moli 0.100, na asidi nayo ni moli 0.100. Darasani kwetu wengi waliona namba zimelingana wakaandika kwamba vyote vitaisha pamoja. Haiwezekani, kwa sababu kila atomi ya zinki inadai HCl mbili. Asidi inaisha kwanza, hidrojeni inayotoka ni moli 0.050 tu, yaani lita 1.2 hivi katika joto la kawaida la chumba ambako moli moja ya gesi huchukua takriban lita 24, na nusu ya zinki inabaki imelala chini ya chombo. Fundi mwenye boliti nyingi na nati chache hufunga kwa idadi ya nati, na hapa nati ni asidi.

Ukiwa na hesabu yoyote ya aina hii, sawazisha mlinganyo kwanza, geuza kila ulichopewa kiwe moli, linganisha na mlinganyo unavyodai, halafu ndipo urudi kwenye gramu au lita unazoulizwa. Fanya hivyo hata swali likionekana jepesi. Na kama kuna kitu kimoja cha kukariri bila kuuliza maswali, ni ioni, yaani atomi au makundi ya atomi yenye chaji, pamoja na chaji zake: salfeti ni SO₄²⁻, naitreti ni NO₃⁻, kaboneti ni CO₃²⁻, fosfeti ni PO₄³⁻, amonia ikipokea protoni inakuwa NH₄⁺. Asiyezijua hizi hawezi kuandika fomula sahihi ya alumini salfeti, na fomula ikikosewa kila kinachofuata kinakosewa, hata kama hisabati yake haina dosari.

Baada ya moli tulihamia kwenye muundo wa atomi na jedwali la elementi, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda tena kemia. Jedwali linafundishwa vibaya likifundishwa kama orodha. Mwaka 1869 Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alipanga elementi zilizojulikana wakati huo, akaacha nafasi wazi kwa ambazo hazijapatikana, akabashiri na sifa zake. Galiamu ilipogunduliwa mwaka 1875, densiti yake ilipimwa ikaonekana ni 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika, alisema ipimwe upya kwa sampuli safi zaidi. Ikapimwa, ikatoka 5.9, karibu kabisa na alichobashiri. Aliitanguliza teluriamu mbele ya iodini ingawa teluriamu ndiyo nzito zaidi, kwa sababu sifa za iodini zilimwambia inakaa na klorini na bromini. Sababu ya kweli ilijulikana baada ya kazi ya mwanafizikia Moseley ya mwaka 1913: kinachopanga elementi ni idadi ya protoni, wala si uzito.

Mtihani hautakuuliza hadithi hiyo, ila utakuuliza mambo ya aina yake. Ukitoka sodiamu kuelekea agoni kwenye mstari wao wa jedwali, nguvu inayohitajika kung'oa elektroni ya kwanza inapanda kwa jumla, kwa kuwa protoni zinaongezeka kwenye kiini na elektroni za nje ziko kwenye tabaka lile lile. Lakini kuna sehemu mbili inashuka. Magnesiamu inataka kilojuli 738 kwa moli, alumini inayoifuata inataka 578 tu. Fosforasi inataka 1012, salfa 1000. Anayekariri atasema "inapanda" na kukosa alama. Anayefuata elektroni atasema kwamba ile ya alumini inakaa kwenye obitali (eneo la elektroni kuzunguka kiini) ya 3p, ambayo ina nishati kubwa kuliko 3s, hivyo ni rahisi kuitoa. Na kwamba kwenye salfa elektroni mbili zimelazimika kukaa pamoja katika obitali moja ya 3p, zinasukumana, moja inatoka kwa urahisi zaidi. Namna hiyo ya kujibu inarudi tena kwenye mada nyingine nyingi, kwa hiyo izoee mapema.

Kuhusu nishati nitasema jambo moja tu, kwa kuwa linapotosha watu kila mahali. Kuvunja kifungo kati ya atomi kunakula nishati, sikuzote. Nishati inatoka vifungo vipya vinapoundwa. Hidrojeni na klorini zikikutana, kuvunja H–H kunataka kilojuli 436 na kuvunja Cl–Cl kunataka 242. Vifungo viwili vya H–Cl vinavyoundwa vinarudisha 431 kila kimoja. Jumlisha uone: kilojuli 184 zinabaki, ndizo zinazotoka kama joto. Ukilishika hilo, Kanuni ya Hess, inayosema joto la mmenyuko halitegemei njia uliyopita, pamoja na michoro yake yote inakuwa ni kujumlisha na kutoa kwa uangalifu.

Maabara inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo iliyonitisha kuliko kitu kingine na ndiyo nisiyoisahau. Nilikuwa na mikono inayotetemeka. Unasimama mbele ya bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, saa inakwenda, jirani yako ameshamaliza duru ya kwanza, na wewe bado unatafuta faneli. Hofu hiyo inapungua kwa namna moja tu, nayo ni kujua kila hatua ipo kwa sababu gani.

Bureti inasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa myeyusho utakaoujaza. Maji yakibaki humo yatauzimua myeyusho wako, na ukolezi unaoutegemea hautakuwa ule ulioandikwa kwenye chupa. Pipeti, mrija wa kuvutia ujazo mmoja kamili, nayo vivyo hivyo. Chupa ya koni, kinyume chake, inasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake, na haidhuru ikibaki na unyevu, kwa sababu kinachohesabika humo ni moli ulizoziweka kwa pipeti, na maji hayaongezi wala hayapunguzi moli. Kwa sababu hiyo hiyo unaruhusiwa kuosha kingo za chupa kwa maji katikati ya kazi ili matone yaliyonata yashuke. Ukishajaza bureti, ondoa faneli, maana tone moja likidondoka kutoka kwenye faneli baada ya kusoma linaharibu kipimo. Fungua koki kidogo myeyusho upite, hakikisha chini ya koki hakuna kiputo cha hewa. Kiputo kikitoka katikati ya titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye alkali au alkali kwenye asidi hadi zimalizane, bureti itakuambia umetumia myeyusho ambao haukuingia kwenye chupa.

Soma macho yakiwa usawa wa myeyusho, kwenye sehemu ya chini ya mpindo wake. Myeyusho wenye rangi nzito kama pamanganeti ya potasiamu unasomwa sehemu ya juu, kwa kuwa chini hakuonekani. Andika desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5: 23.60, si 23.6. Duru ya kwanza ni ya kukadiria, usiiingize kwenye wastani. Zinazofuata ziwe zinatofautiana kwa kisichozidi 0.10. Na pipeti ikishamwaga, lile tone dogo linalobaki kwenye ncha liache hapo. Pipeti imetengenezwa kwa kulihesabia.

Halafu inakuja ile dakika yenyewe. Chupa ya koni iko juu ya karatasi nyeupe, ndani yake kuna asidi na matone mawili ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali, alkali iko kwenye bureti, mkono mmoja uko kwenye koki na mwingine unazungusha chupa. Mwanzoni rangi ya waridi inatokea pale tone linapoangukia na kupotea mara moja. Kadiri unavyokaribia, inachukua muda zaidi kupotea, inajitandaza, inasitasita. Hapo punguza, tone moja moja, zungusha, subiri. Linakuja tone ambalo baada yake chupa nzima inakuwa na waridi hafifu kabisa, ya kuitafuta kwa macho, na haiondoki. Simama. Ikiwa waridi imekoza umeshapita. Mara ya kwanza nilipoipata sawasawa nilimwita mwalimu aje aone, na hadi leo sijui furaha ya darasani iliyoizidi ile.

Hesabu yake nayo ina mtego. Wanafunzi wanapewa fomula fupi ya kuzidisha ukolezi na ujazo pande mbili, wanaitumia popote. Tuseme sentimita za ujazo 25.00 za haidroksidi ya sodiamu zimezimwa, yaani alkali yote imemalizwa, na sentimita za ujazo 20.00 za asidi ya salfuriki yenye ukolezi wa moli 0.0500 kwa lita. Fomula ile fupi inatoa 0.0400. Jibu sahihi ni 0.0800, kwa sababu H₂SO₄ moja inazima NaOH mbili: moli za asidi ni 0.00100, za alkali ni 0.00200, gawanya kwa lita 0.02500. Jibu linakosewa kwa nusu nzima, na kosa halipo maabara, lipo kwenye kusahau mlinganyo.

Uchambuzi wa chumvi zisizojulikana unataka tabia tofauti: uaminifu wa macho. Andika ulichokiona kabla ya kuandika unachodhani. Ukidondosha haidroksidi ya sodiamu na mashapo meupe yakatokea, kisha yakayeyuka ulipozidisha, bado hujajua kama ni zinki, alumini au risasi. Amonia ndiyo inatenganisha: mashapo ya zinki yanayeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hayayeyuki. Kisha iodidi ya potasiamu inatoa mashapo ya manjano yenye kung'aa kwa risasi, na kwa alumini haitoi kitu. Anayeandika "zinki ipo" kwenye safu ya matokeo baada ya jaribio la kwanza anapoteza alama hata akiwa amebahatisha. Andika "mashapo meupe, yameyeyuka katika ziada, myeyusho usio na rangi". Na usiandike kwamba myeyusho wa salfeti ya shaba hauna rangi kwa sababu tu unapitisha mwanga. Unapitisha mwanga na una rangi ya buluu. Ukiongezea amonia utaona kwanza mashapo ya buluu iliyopauka, halafu ziada ikiingia yanayeyuka na kutoa buluu nzito inayovutia mno. Ionee fahari kuielezea kama ilivyo.

Kuhusu usalama, asidi ya salfuriki iliyokolea inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Maji kwenye asidi ni marufuku, kwa kuwa joto linalotoka ni kubwa, maji machache yaliyo juu yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Miwani ya kinga ivaliwe hata na anayetazama tu. Pipeti inavutwa kwa mpira wake, kamwe si kwa mdomo. Nimeona tone dogo la asidi hiyo likitoboa koti la mwenzangu, na tangu siku ile sikuhitaji kukumbushwa.

Msawazo wa kemikali ni mada iliyowagawa watu darasani. Mwalimu alituonyesha tyubu iliyozibwa yenye mchanganyiko wa gesi mbili, NO₂ ya kahawia na N₂O₄ isiyo na rangi. Akaizamisha kwenye maji ya moto, kahawia ikakoza. Akaihamishia kwenye barafu, ikafifia karibu kupotea. Akairudisha kwenye moto, ikakoza tena. Hakuna kilichoingia wala kutoka. Ndipo nilipoelewa kwamba msawazo haumaanishi mambo yamesimama. Molekuli zinaendelea kuvunjika na kuungana wakati wote, ila kwa kasi inayolingana pande zote mbili. Kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884 inakuambia mchanganyiko utaelekea wapi ukiubughudhi, lakini haikuambii sababu, na mtihani mzuri utakudai sababu.

Mfano utakaoukuta popote ni utengenezaji wa amonia: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, ukitoa kilojuli 92. Kwa kuwa unatoa joto, ubaridi ungeongeza amonia. Mbona viwanda vinatumia nyuzijoto 450 hivi? Kwa sababu kwenye ubaridi mmenyuko unakwenda polepole mno, na kiwanda hakiwezi kusubiri. Kanieneo ya angahewa 200 hivi inasaidia, kwa kuwa molekuli nne zinakuwa mbili. Kichocheo cha chuma kinaharakisha pande zote mbili sawasawa, hakiongezi kiasi cha amonia mwishoni. Haber alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918 kwa njia hii, na Bosch, aliyeifikisha viwandani, akaipata mwaka 1931 kwa kazi ya kanieneo kubwa. Ukiweza kutenganisha hoja za kasi na hoja za msawazo, umemaliza. Wengi wanazichanganya: wanasema kichocheo "kinasukuma kulia", au kwamba namba ya msawazo, ile inayolinganisha kiasi cha vilivyozalishwa na vilivyobaki, inabadilika ukiongeza kanieneo. Kinachobadilisha namba hiyo ni jotoridi peke yake.

Asidi na besi zinarudi hapa kwa sura mpya, na kuna kutenganisha kwingine kwa lazima: asidi kali ni mbali na asidi iliyokolea. Asidi ya ethanoiki yenye ukolezi wa 0.10 ina pH (kipimo cha uasidi, kinachoshuka chini ya 7 kadiri asidi inavyozidi) ya 2.9 hivi, wakati ya haidrokloriki yenye ukolezi huo huo ina pH ya 1.0, kwa maana molekuli nyingi za ethanoiki hazijaachia protoni zake. Lakini ukizima kiasi sawa cha kila moja utahitaji alkali ile ile, kwani protoni zilizoshikiliwa zinaachiwa kadiri alkali inavyozila. Ukilifikiria hili kwa utulivu jioni moja, bafa, yaani miyeyusho isiyobadili pH kirahisi, zitakuingia bila shida. Na ukiulizwa pH ya asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa 10⁻⁸, usiandike 8. Asidi haigeuki alkali kwa kuzimuliwa. Maji yenyewe yana ioni za hidrojeni, na jibu linakuwa chini kidogo tu ya 7.

Kemia ya umeme nitaipita haraka: zinki na shaba zikiunganishwa katika seli zinatoa volti 1.10, kutokana na −0.76 ya zinki na +0.34 ya shaba, na ukizidisha nusu ya mlinganyo ili elektroni zilingane, volti hazizidishwi. Yasikutoke hayo.

Mwaka wa pili ulitawaliwa na kemia ogani, kemia ya kampaundi za kaboni, na hapo niliona watu waliofanya vizuri kote wakianza kuzama. Majina, miundo, vitendanishi, masharti. Kila kitu kinaonekana kimeumbwa ili kikaririwe. Kilichotuokoa kikundi chetu ni karatasi kubwa tuliyoibandika ukutani, katikati tumeandika alkoholi, na kutoka hapo mishale: kwenda alkeni kwa kuondoa maji, kwenda alidehidi na asidi ya kaboksili kwa uoksidishaji, kwenda esta, kwenda halojenoalkani. Kila mshale una kitendanishi na sharti lake. Kila mada mpya ilipofundishwa tuliongeza mishale. Kufikia muhula wa mwisho, swali la kutoka kampaundi hii kwenda ile lilikuwa ni kutafuta njia juu ya ramani tuliyoichora wenyewe. Ramani ya kununua au ya kunakili kwa mwingine haina faida hiyo, niliwaona waliojaribu.

Miundo nayo ichore kwa mkono hadi mkono uizoee. C₄H₁₀O ina isoma saba za kimuundo, yaani miundo saba tofauti yenye fomula hiyo hiyo, alkoholi nne na etha tatu. Zichore zote saba mwenyewe, kisha jiulize dikromati ya potasiamu yenye asidi itabadilika kutoka chungwa kuwa kijani kwa zipi. Itabadilika kwa alkoholi tatu, na kwa ile ya nne, ambayo kaboni iliyobeba OH haina hidrojeni ya kutoa, itabaki chungwa. Zoezi hilo moja lilinifundisha zaidi ya kurasa nyingi za maelezo.

Kisha kuna benzini, ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuishangaa. Mwanakemia Kekulé alipendekeza mwaka 1865 duara la kaboni sita, na picha yake ikaja kuwa na vifungo viwili viwili vikipishana na kimoja kimoja. Kama picha hiyo ingekuwa kweli, kuiongezea hidrojeni kungetoa mara tatu ya zile kilojuli 120 zinazotolewa na saikloheksini yenye kifungo kimoja cha aina hiyo, yaani 360. Zinatoka 208 tu. Urefu wa vifungo vyake sita ni sawa, nanomita 0.14 hivi, kati ya 0.154 ya kifungo kimoja na 0.134 ya kifungo mara mbili. Elektroni hazikai mahali pamoja, zimeenea duara zima, na kwa hiyo ni tulivu kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana alkeni inaondoa rangi ya maji ya bromini papo hapo, na benzini inayaacha yalivyo.

Gharama ya miaka hiyo kwangu ilikuwa usingizi na marafiki. Nilipunguza mambo mengi niliyoyapenda, na kuna vipindi nililia. Ningerudi, ningegawa kazi tofauti: saa moja ya kemia kila jioni ina faida kuliko Jumamosi nzima, kwa kuwa mada za kemia zinabebana na ukiacha wiki ipite hutaelewa kinachofundishwa Jumatatu. Ningemweleza mwenzangu kila mada bila kushika daftari, maana pale ninapokwama kueleza ndipo nisipojua. Mitihani iliyopita ningeianza mapema, lakini ningeufunga mwongozo wa majibu hadi nimeandika jibu langu lote. Wapo waliokariri miongozo neno kwa neno, na mtihani wa mwisho ulipobadilisha chumvi na ukolezi wakabaki wanatazama karatasi.

Ikiwa bado hujaanza na una likizo mkononi, usihangaike na vitabu vya mbele. Sawazisha milinganyo hadi isikuchoshe, jifunze ioni na chaji zake, rudia vipeo na logi kwenye hisabati kwa sababu pH na kasi za mmenyuko zitakudai hizo, na zoea kuandika kizio kila baada ya namba. Ukiwa tayari umeanza na umekwama, rudi kwenye moli, hata kama darasa limefika kemia ogani. Muombe mwalimu akupe hesabu tano za kawaida, uzifanye mbele yake ukieleza kila hatua kwa sauti, na umwombe akusimamishe pale pale unapoteleza.